Ganzi na Mwasho wa Miguu na Mikono: Jiulize Kabla ya Kununua Dawa

Saa nane za usiku mama anaamka, anateremsha miguu kwenye sakafu ya saruji ipate ubaridi. Nyayo zinawaka kama zimepakwa pilipili, hata shuka likizigusa anaumia. Asubuhi jirani atamwambia amekanyaga kitu kibaya alichotegewa njiani. Binti yake atakimbilia duka la dawa kumnunulia vidonge vya vitamini B. Shemeji atamshauri achovye miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Wote hao wanampenda, lakini hakuna aliyemuuliza: ilianzia wapi?

Ganzi na mwasho ni dalili, na magonjwa yanayozileta hayatibiwi kwa dawa moja. Mahali dalili ilipoanzia, saa inayozidi, upande mmoja au pande zote mbili, na kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna: majibu ya maswali haya manne yana thamani kuliko kidonge cha kubahatisha.

Tuseme kwanza ile ganzi isiyo na neno. Umekaa mkekani umekunja mguu, ukasimama, mguu umekufa ganzi. Mshipa wa fahamu ulibanwa. Baada ya dakika chache unachomwachomwa kidogo, kisha hali inarudi. Hiyo haina dawa wala haihitaji dawa.

Ganzi inayoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili

Mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti wa mgongo ikaenda mpaka ncha za vidole. Mirefu kuliko yote ni ya miguuni, na hiyo mirefu ndiyo hutangulia kudhurika damu inapobeba sukari nyingi kwa miaka. Kwa sababu hiyo ganzi ya kisukari huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda polepole kama mtu anayevuta soksi, na usiku huzidi. Mmoja atasema anachomwa sindano, mwingine atasema moto, mwingine sisimizi wanamtembelea chini ya ngozi. Wapo wanaoanza kusikia hivyo hata hawajui kwamba wana kisukari. Kipimo chake ni tone la damu ya kidole. Sukari ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi asubuhi kabla ya kula chochote, daktari atarudia kipimo ili kuthibitisha, kisha matibabu yaanze.

Maumivu hayo yanasumbua, lakini tunaogopa zaidi siku yanapokoma bila sukari kudhibitiwa. Mgonjwa anamshukuru Mungu kwamba miguu imepoa, kumbe mishipa imeacha kupeleka habari. Anashinda na kokoto ndani ya kiatu. Anatoka msikitini adhuhuri, anakanyaga sakafu ya nje iliyochomwa na jua, asijue ameungua mpaka aone lengelenge. Na lile beseni la maji ya moto la shemeji ndilo linalotuumiza moyo: mguu usiosikia hauwezi kusema maji yamezidi moto. Ngozi inababuka, kidonda kinachimbika, na kidonda cha mguu wa kisukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Mwenye kisukari asichovye miguu kwenye maji ya moto. Hata ya kuoga tu, apimiwe na mtu mwingine kwa kiwiko.

Kuna kipimo mnachoweza kufanya wenyewe nyumbani. Mgonjwa alale au akae miguu imenyooka, afumbe macho. Wewe mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili tu. Usibonyeze, usipapase. Gusa ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Fanya hivyohivyo mguu wa kushoto. Malizia na kidole cha kati cha kulia, kisha cha kati cha kushoto. Kila akisikia aseme "kulia" au "kushoto". Asiposema kitu usirudie kugusa kidole hicho, hesabu kwamba hakusikia. Kati ya vidole sita, akikosa viwili au zaidi, miguu hiyo iko hatarini na ionwe kituoni hata kama haina jeraha.

Baada ya hapo miguu itazamwe kila siku. Anayetawadha ana nafasi nzuri mno, kwa kuwa miguu yake anaishika mara tano kwa siku: atazame na katikati ya vidole, kisha apafute pakauke. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni ajitazame wayo. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Na wembe wa kukatia sugu uwekwe mbali kabisa.

Kisukari hakiko peke yake. Pombe ya miaka mingi, pamoja na kula vibaya, huleta ganzi inayofanana na hii. Virusi vya UKIMWI navyo hudhuru mishipa. Upungufu wa vitamini B12 pia, na anayetumia metfomini kwa miaka mingi anaweza kuupata, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja.

Wenye dawa za kifua kikuu tunawaomba wasome hapa mara mbili. Ndani ya dawa hizo mna isoniazidi, ambayo humpunguzia mtu vitamini B6. Miguu ikianza kuwaka ukiwa kwenye dozi, usiache dawa. Ukiacha, kifua kikuu kinarudi na kinaweza kuwa sugu kwa dawa. Nenda kliniki, utapewa B6 kwa kiasi kinachofaa. Lakini usijinunulie tu: B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi.

Viganja vinavyoamsha usiku

Fundi cherehani, msusi, mama mjamzito wa miezi ya mwisho: hawa mara nyingi huamshwa na ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, wakakung'uta mkono mpaka upate nafuu. Mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kupumzisha mkono na kulala umefungiwa kitu cha kunyoosha kifundo husaidia wengi, na kwa mjamzito hali hii mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Kidole gumba kikianza kulegea, vitu vinakuponyoka, usingoje.

Baka lisilowasha

Watu hukimbilia dawa kwa baka linalowasha, wakaliacha lisilowasha. Kinyume chake ndicho kinachotakiwa. Baka lililopauka au jekundu ambalo hulisikii ukiligusa kwa pamba linaweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika. Dawa zake zinatolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na wingi wa mabaka, na mgonjwa akishaanza tiba haambukizi tena. Tangu mwaka 1873, Armauer Hansen wa Norwei alipokiona kijidudu chake, inajulikana kwamba si laana wala mkosi wa ukoo. Anayechelewa kwa aibu hupoteza vidole ambavyo dawa ingevilinda.

Nyumba nzima inapojikuna

Mtoto amerudi kutoka bweni. Baada ya wiki kadhaa mdogo wake anajikuna, kisha mama, na wote huzidi usiku. Tazama katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo, kitovuni, makalioni. Vipele vidogo na vijistari vyembamba kama uzi ni upele, na kinachouleta ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachochimba ngozi na kutaga mayai humo. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kuwashwa. Basi asiyejikuna leo anaweza kuwa nao tayari.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza hela: anatibiwa mtoto mmoja, anapona, analala na ndugu yake, anaanza upya. Dawa ya kupaka ya benzili benzoeti ipakwe na wote siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha na sehemu za siri pia. Ya mtoto mdogo lazima ichanganywe na maji, na mjamzito aulize kwanza. Siku hiyohiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wiki moja. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya vijidudu kufa, kwa hiyo msipake dawa kila siku kwa hofu.

Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo bila kipele chochote, hasa usiku, aende kliniki siku hiyo. Huenda ini linashindwa kutoa nyongo vizuri, na hilo linaweza kumdhuru mtoto tumboni. Penye mito iendayo kasi, kama Mahenge nchini Tanzania, mwasho wa muda mrefu na mabaka ya chui kwenye miundi huweza kuwa ugonjwa wa usubi. Kingatiba yake hutolewa kwa jamii nzima, ukipimwa urefu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge, nayo imezwe palepale. Na ukisikia moto upande mmoja tu wa mwili, siku chache baadaye malengelenge yakajipanga kama mshipi, huo ni mkanda wa jeshi. Nenda mapema, na upime VVU.

Usingoje kuche

Ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kuchanganyika: ni kiharusi. Ganzi inayopanda kutoka miguuni ikifuatana na udhaifu kwa siku chache, hasa baada ya kuhara au mafua: inaweza kufika kwenye pumzi. Ganzi ya makalio na mkojo kukataa kutoka: ni uti wa mgongo. Zote hizi ni hospitali sasa hivi.

Mbwa aling'ata, jeraha likapona, na wiki au miezi baadaye kovu likaanza kuwasha na kuchomwachomwa. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kwanza ya kichaa cha mbwa, na kikishafika hapo karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kazi inafanyika siku ya kung'atwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake majivu wala pilipili, kisha kafuate chanjo siku hiyohiyo na umalize sindano zote.

Ukienda kituoni, beba pakiti za dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji na zile ulizoacha. Vua viatu na soksi hata kama hujaambiwa. Mwambie tabibu dalili ilianza lini, kwenye kidole kipi, na ni nani mwingine nyumbani anayo.