Kabla Hujanunua Yadi ya Nguzo ya Zamani

Kiwanja kilichokuwa yadi ya kutibia nguzo za umeme kina mvuto wake: kimeshasawazishwa na lori linafika. Njombe na Makambako, kwenye milingoti na misindano kila upande, ukiuziwa eneo kama hilo uliza kwanza nguzo zilitiwa dawa gani. CCA, ile inayoacha ukijani kwenye mti, ni shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki haiozi. Mwenye yadi ataondoka, yenyewe itabaki.

Watafute vibarua wa zamani. Wakuonyeshe ulipokaa mtungi wa kushindilia dawa, na nguzo zilikochuruzikia zikitolewa mtunguni. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Chota udongo wa juu na wa kina cha futi moja, kila mmoja na mfuko wake wenye alama. Ongeza mfuko wa udongo wa upande wa juu wa mteremko, pasipofikiwa na dawa, upate cha kulinganishia. Peleka ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Mbeya, pamoja na maji ya kisima. Shirika la Afya Duniani linataka aseniki kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, sumu iko palepale.

Kama umeshaanza kukitumia kiwanja, ukisubiri majibu usipande viazi, na mbolea ya DAP usiiguse kabisa. Fosfati yake huing'oa aseniki kwenye chembe za udongo ikaingia kwenye maji na mizizi. Wakulima wengi hawaambiwi hili. Acha nyasi zifunike, chimba mtaro upande wa juu mvua isipite humo. Mboga zipande kwenye magunia ya udongo wa kwingine.

Vipande vya nguzo vilivyosahaulika navyo vina kishawishi, hasa baridi ya Juni ikikolea. Usivichome, si jikoni wala kwenye tanuri la matofali. Moshi wake una aseniki, na majivu ni hatari zaidi: ng'ombe huyalamba kwa kutafuta chumvi, wakafa.

Majibu yakiwa mabaya, usikodi lori la usiku kuuhamishia udongo kwenye korongo la wenzio. Waandikie NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mchafuzi agharimie uchafuzi wake. Ila barua hiyo itangulie mkataba wa mauziano. Ukishasaini, kumsaka mwenye yadi ni kazi yako.