Mashine Inasema 2.5, Boksi Linasema 5: Nani Mkweli?

Leo tuongee kosa dogo linaloweza kuua sato wa bwawa zima usiku mmoja. Nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe.

Nilimsaidia kijana mmoja wa Bunda kufunga mashine ya kupima oksijeni ya maji. Waya unatoka kwenye mashine unaingia kwenye boksi la kuwasha pampu ya hewa. Tukaweka kwamba oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, kengele ilie na pampu iwake. Alfajiri ya siku ya tatu akanipigia: samaki wako juu wanahema, kengele kimya! Kioo cha mashine kilisoma 2.5, boksi likasoma 5. Bahati nzuri alikuwa macho, akawasha pampu kwa mkono.

Tatizo lilikuwa nini? Mashine haitumi namba kwenye waya. Inatuma umeme mdogo, kuanzia miliampia (mA) 4 hadi 20. Wewe ndiye unayeiambia 4 ni oksijeni kiasi gani, na 20 ni kiasi gani. Mashine ilikuwa 0 hadi 10, boksi nikaliacha 0 hadi 20 kama lilivyotoka dukani. Sasa 2.5 ni robo ya 10, ikatuma mA 8. Boksi likaona robo, likachukua robo ya 20, likasema 5. Hakuna kilichoharibika, vifaa havikuelewana tu.

Fanya hivi:

1. Chagua kipimo. Bwawa la maji ya kijani weka 0 hadi 20, maana mchana wa jua kali mwani huweza kupandisha oksijeni kupita 10. Kwa pH weka 0 hadi 14.

2. Andika kipimo hichohicho kwenye mashine na kwenye boksi. Usichanganye oksijeni 0–20 na umeme 4–20. Umeme nao ufanane: upande mmoja ukiwa 0–20 mA na mwingine 4–20 mA, mtapotea tena.

3. Jaribu. Mashine nyingi zina sehemu ya kutuma umeme wa majaribio. Tuma 4, boksi lisome 0. Tuma 12, lisome 10. Tuma 20, lisome 20. Hiyo 12 usiiruke, ndiyo nusu ya njia.

4. Kama hazilingani, pima kwa testa upande wa mA. Chomoa waya mmoja, umeme upite ndani ya testa. Usipime kama volti.

5. Chomoa waya kabisa. Boksi likiona 0 mA, lilie. Ndiyo faida ya kuanzia 4: panya akikata waya unajua, hudhani ni oksijeni imeisha.

Wenye vizimba ziwani, somo ni lenu pia. Ziwa Victoria likivurugika, maji ya chini yenye oksijeni kidogo huweza kupanda juu, na sato wa kizimbani hana pa kukimbilia.

Kesho alfajiri, kabla jua halijatoka, simama bwawani usome kioo cha mashine, kisha usome boksi. Zikitofautiana, usilishe samaki mpaka ujue kwa nini.