Kumuenzi Bibi Aliyelala Katika Bwana

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa, akaishi na akafa Mmoravian, yaani muumini wa Kanisa la Moravian, kule Rungwe, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na chai. Alipolala katika Bwana, ukoo ulinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake na kusaidiana na mchungaji kupanga ibada. Ninaandika haya kwa ajili yako uliyepewa kazi kama hiyo, au unayeona kwamba siku hiyo haiko mbali. Msibani mambo huenda mbio, na mwenye majonzi hana nafasi ya kutafakari.

Nina jambo moja ninaloliamini, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: kumheshimu marehemu Mkristo na kuutumaini ufufuo ni kazi moja. Tunayasimulia maisha yake kwa makini kwa sababu tunaamini habari zake hazijafika mwisho.

Anza wasifu mapema

Wasifu mwingi unaosomwa misibani ni orodha: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto kadhaa, akaugua, akafariki. Hayo lazima yasomwe, ila hayatoshi kumwonyesha mtu. Sisi Wamoravian tuna mapokeo ya zamani yanayosaidia hapa. Tangu karne ya 18, kule Herrnhut, Ujerumani, waumini walihimizwa kuandika wenyewe habari za maisha yao: walikotoka, walivyomjua Kristo, walivyojaribiwa na walivyosaidiwa. Habari hizo zilisomwa siku ya maziko yao, na maelfu yake yamehifadhiwa na kanisa hadi leo. Marehemu mwenyewe ndiye aliyewashuhudia waombolezaji neema aliyoipata.

Kama bibi yako yu hai, mpe nafasi hiyo. Bibi yangu hakuwa mtu wa kuandika barua ndefu, kwa hiyo nilikuwa nikimrekodi kwa simu jioni, akimenya ndizi za kupika. Haya ndiyo maswali yaliyomfungua mdomo:

- Nani alikufundisha kusali?
- Ni lini ulimwona Mungu akikusaidia, wakati hapakuwa na msaada mwingine?
- Ni jambo gani ulilolisamehe kwa shida?
- Ungependa tukuimbie wimbo gani?

Swali la tatu ndilo lililotoa mengi. Uliza polepole, usimkatize, na ukubali akikaa kimya.

Kama ameshatangulia, usikate tamaa. Kitabu cha ushirika kina tarehe za ubatizo na kipaimara. Majirani wa rika lake, wazee wa kanisa na akina mama aliosali nao wana mengi kuliko watoto wake, kwa maana watoto humjua mama yao akiwa nyumbani tu. Na kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, usibuni. Wazee wetu walisema Bibi alizaliwa wakati wa nzige, na nzige waliivamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndivyo tulivyoandika, na kila mzee aliyekuwepo alitikisa kichwa kukubali.

Onyesha kazi za mikono yake

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 kuna habari za Dorkasi, mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane nguo. Alipokufa, wajane hao walimzunguka Petro wakilia, huku wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Hawakutoa hotuba, waliyaonyesha mavazi yenyewe. Sijaona mwongozo wa maombolezo ulio bora kuliko huo.

Sisi tuliweka meza ndogo barazani. Juu yake tuliweka Biblia yake, yenye jalada la kitenge alilolishona mwenyewe. Kurasa za Zaburi zilikuwa zimelainika na kuingia weusi pembeni kwa kushikwashikwa. Nyuma, kwenye ukurasa mtupu, alikuwa ameandika kwa penseli majina ya wajukuu wote, na pembeni mwa baadhi ya majina alitia msalaba mdogo. Shangazi mmoja alitueleza kuwa hao ndio aliokuwa akiwaombea kwa namna ya pekee: mgonjwa, aliyesafiri mbali, aliyeacha kusali. Nililikuta jina langu lina misalaba zaidi ya mmoja.

Pembeni ya Biblia tuliweka jembe lake, lililolika hadi bapa likabaki nusu. Mama mmoja jirani aliliangalia, akalishika mpini, akaniambia, “Mjukuu wangu, jembe hili limelima shamba langu mwaka ule nilipojifungua mapacha na baba yao hayupo. Bibi yako alikuja alfajiri, akamaliza, akaenda kwake. Hakumwambia mtu.” Hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyekuwa analijua hilo. Jioni ile ile liliingia kwenye wasifu.

Kwa hiyo tafuta vitu vichache vilivyopita mikononi mwake, viweke mahali watu wanapopita, kisha ukae karibu na daftari. Kitu humkumbusha mtu kuliko swali.

Sema kweli kumhusu

Msiba huwa na kishawishi cha kumfanya marehemu malaika. Bibi yangu alikuwa mkali. Na kwa miaka mingi hakusemezana na mdogo wake wa kike kwa sababu ya mpaka wa shamba, mpaka siku alipokwenda mwenyewe kwa mdogo wake akaomba yaishe. Tulimwomba bibi mdogo ruhusa ya kulisema hilo kwenye wasifu, naye akakubali, akataka lisemwe wazi. Lilipokuwa likisomwa, nyuso nyingi ziliinuka.

Kuna sababu ya imani ya kufanya hivyo. Kama tumaini letu lingesimama juu ya wema wa marehemu, tungelazimika kuuongeza wema huo hadi utoshe. Tumaini la Mkristo linasimama juu ya Kristo aliyekufa akafufuka. Tuna uhuru wa kumsema Bibi jinsi alivyokuwa: mwenye dhambi aliyesamehewa, akajifunza kusamehe. Kwa vijana waliokaa pale na ugomvi wao moyoni, habari hiyo ilikuwa mahubiri kabla ya mahubiri.

Angalia mipaka, hata hivyo. Usiseme jambo litakalomwaibisha aliye hai, na usitumie wasifu kulipiza kisasi.

Panga ibada pamoja na mchungaji

Usimwachie mchungaji kila kitu, wala usimpelekee ratiba iliyokwisha pangwa. Kaa naye, mweleze marehemu alikuwa nani, kisha mchague masomo na nyimbo pamoja. Masomo yanatofautiana kazi. Zaburi ya 90 inawasaidia watu kuukubali ufupi wa maisha. Yohana 11 inafaa palipo na uchungu mkali, kwa kuwa humo Yesu mwenyewe analia akielekea kaburini kwa Lazaro, ingawa anajua atakalolifanya muda mfupi baadaye. Yohana 14 inawatuliza wanaoulizana marehemu yuko wapi sasa. Na 1 Wakorintho 15 ndiyo sura ya kusoma makaburini, kwa sababu Paulo anakitazama kifo usoni na kukiita adui ambaye mwisho wake umeshajulikana.

Wimbo alioupenda uimbwe na watu wote, hata kama kwaya zimekuja nyingi. Na kama ushirika wenu una wapiga tarumbeta, waombeni wapige wakati wa kutoka nyumbani kwenda kaburini. Mama yangu, aliyekuwa hawezi kusimama mwenyewe, alitembea hatua zile zote nyuma ya tarumbeta.

Kuhusu gharama, nitasema kwa ufupi. Turubai, viti, chakula na jeneza vitapata wa kuvishughulikia, na kamati ifanye hivyo kwa kiasi. Ibrahimu alitoa shekeli 400 za fedha kupata mahali pa kumzika Sara, kwa hiyo kutumia fedha kwa ajili ya heshima ya mpendwa si kosa. Lakini familia isiachiwe deni litakaloendelea kuumiza baada ya wageni kuondoka. Wateueni pia watu ambao kazi yao ni moja tu: kukaa na wafiwa na kuhakikisha wanakunywa maji, wanakula na wanalala.

Acha watu walie, na uwaambie watoto ukweli

Mara nyingi aliyefiwa huambiwa, “Usilie, jikaze, yeye yuko mahali pazuri.” Anayesema hivyo hana nia mbaya. Ila Paulo, alipowaandikia Wathesalonike kuhusu waliolala, hakuwakataza huzuni. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini. Huzuni na tumaini hukaa katika moyo mmoja, tena kwa muda mrefu. Kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, kilio cha msibani ni heshima, na sioni kwa nini imani ituondolee heshima hiyo.

Watoto nao wana haki ya kuomboleza. Msiwaambie kwamba Bibi amesafiri, kwa sababu watamngoja, na safari nyingine yoyote ya mtu wa nyumbani itawatia hofu. Kwa mtoto mdogo hata neno “amelala” linahitaji maelezo, asije akaogopa kufumba macho usiku. Binti ya dada yangu tulimwambia hivi: Bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii baridi wala maumivu, hatutamwona tena nyumbani, nasi tunaamini Yesu atamfufua. Akauliza, “Lini?” Tukamjibu kwamba siku hiyo anaijua Mungu. Aliridhika, akaenda kuchuma maua ya kuweka kaburini.

Baada ya matanga, nendeni Pasaka

Wageni wakishaondoka ndipo ukimya unapoingia. Panga ratiba ya kumtembelea aliyebaki peke yake, hasa wiki zile ambazo wengine wamerudi mjini kazini. Kisha, kama una nafasi, ifanye Pasaka ya kwanza baada ya msiba kuwa siku ya familia kukutana.

Pasaka ya mwaka 1732, vijana wa Herrnhut walipanda alfajiri hadi makaburini kuimba habari za Bwana aliyefufuka. Desturi hiyo ilisambaa kila Wamoravian walikokwenda, na misheni ilipoanza Rungwe mwaka 1891, ilikuja nayo. Hadi leo tunafanya hivyo. Jumamosi watu hufyeka nyasi na kuyasafisha makaburi. Jumapili, kungali giza, tarumbeta huamsha vijiji, na watu hukusanyika makaburini wakisubiri jua. Katika liturjia ya alfajiri hiyo wanakumbukwa walioingia katika furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita.

Bibi alikuwa mmoja wao mwaka ule. Nilisimama kati ya watu ambao kila mmoja ana wake ardhini, sote tumeelekea mashariki, tukaikiri imani kwa sauti. Huo ndio ufafanuzi wa tumaini nilioupata: ni jambo tunalolifanya kwa miguu na sauti zetu, pamoja na wenzetu, hata asubuhi ambayo moyo haujachangamka. Anayeshindwa kuimba husimama katikati ya wanaoimba, nao humbeba.

Hata kama wewe si Mmoravian, unaweza kufanya hivyo na familia yako. Safisheni kaburi, someni habari za kaburi lililokutwa wazi, imbeni wimbo wake, kisha mle pamoja.

Gawaneni kazi zake kabla ya vitu vyake

Ushauri wangu wa mwisho ni huu. Kabla hamjajadili shamba, vyombo na vitenge, kaeni mwulizane: nani atazichukua kazi zake? Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake, Loisi. Imani hiyo ilipita mikononi mwa watu wa nyumbani, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kuifikisha mbele.

Kwetu, mjomba alichukua kazi ya kumpelekea mkungu wa ndizi mzee mmoja asiye na watoto, aliyekuwa akiletewa na Bibi. Dada yangu alichukua kufundisha nyimbo watoto wa shule ya Jumapili. Mimi nilichukua orodha ya majina ya penseli, na ninayaombea yote, pamoja na watoto waliozaliwa baadaye, ambao Bibi hakuwaona. Wakati wa kugawana shamba ulipofika, liligawanywa bila kelele, kwa sababu kila aliyekaa pale alikuwa ameshapokea kitu.

Nimeanza pia kuandika habari za maisha yangu mwenyewe, kwa ajili ya atakayeitwa kuzisoma. Ninakuhimiza nawe uanze, kwa maana anayemtumaini Mungu kwa siku ya ufufuo anaweza kuisubiri siku ya maziko yake bila hofu.