Dondoo muhimu: Umebadilisha breki mwenyewe, sasa gurudumu linalia?

Goma imejaa kokoto za lava. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji. Kijiwe huweza kunasa kwenye gurudumu, kwa hiyo usianze kulaumu pedi mpya kabla ya kukagua haya:

• Mlio mkali wa chuma, wa ghafla: huenda kijiwe kimenasa kati ya diski na bati la kinga. Inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi imara, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha kitoe. Bati likiwa limepinda na kugusa diski, linyooshe.

• Ko-ko-ko mwendo wa polepole: huenda nati za gurudumu zimelegea. Zikaze kwa mpangilio wa msalaba, tairi likiwa chini. Zikague tena baada ya kilomita 50 hivi.

• Mkwaruzo ukikanyaga breki: pedi inaweza kuwa imegeuzwa, chuma kikasugua diski. Usiendeshe, fungua upya.

• Mvumo unaoongezeka na mwendo: shuku beringi. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwite fundi.

• Rimu moja ya moto kuliko nyingine: breki imebana.

Pedali ya breki ikizama, gari lisitoke uani.