Tujifunze Kuogelea Kabla ya Kwenda Pwani



Mwezi wa Disemba ukikaribia, vikundi vyetu hugawana faida ya mwaka, na siku hizi vingi huweka kando pesa kidogo za safari. Basi hukodishwa, kuku huchinjwa, na watu wa Kibwezi huamkia barabara ya Mombasa. Ikifika mchana wako Bamburi, kwenye ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, akina baba wamekunja suruali, akina mama wameshika lesso, wote wanayatazama maji. Wachache huingia. Wanaoingia, wengi wao hawajui kuogelea.

Wacha tuseme ukweli: sisi ni watu wa nchi kavu. Mtoto akionekana silangani huchapwa. Tumefanya hivyo miaka yote kwa nia njema, na matokeo yake ni kwamba mtoto huenda kwa siri, bila mtu mzima. Siku akizama, anayejua alipo ni mwenzake wa miaka tisa ambaye anaogopa kusema. Sisi tunaona kwamba kukataza peke yake hakujatusaidia. Afadhali tufundishe.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 27. Merimba iliyombeba Paulo ilikwama na kuanza kuvunjika karibu na kisiwa cha Malta, nayo ilikuwa na watu 276. Yule akida aliamuru kwamba wanaojua kuogelea wajitupe kwanza, na wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote wakafika nchi kavu. Hapa kwetu Kenya, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi, na watu 272 wakafa. Wasomeni hao wa Malta tena, muone kwamba palikuwa na mambo mawili: waliojua kuogelea, na vitu vya kushikilia.

Lakini somo hili si la hofu tu. Vijana wetu wengi wanafanya kazi Mombasa, wanaishi Changamwe na Mikindani, na baadhi yao wamezoea kuteremka baharini Jumapili baada ya ibada au jioni wakitoka kazini. Ni starehe isiyodai kiingilio. Maji ya pwani yetu ni vuguvugu mwaka mzima. Mwili hubebwa, kwa hiyo hata mwenye magoti mabovu anayeshindwa kutembea kilima anaweza kufanya mazoezi majini. Moyo na mapafu hufanya kazi, na mtu hulala vizuri usiku. Kumbe ni jambo ambalo mama wa miaka hamsini anaweza kuanza.

Ataanzaje? Tazameni Zanzibar. Kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje umefundisha wasichana na wanawake kuogelea. Waliozaliwa kando ya bahari na hawakuwa wamewahi kuruhusiwa kuogelea! Wazazi walihofia heshima, basi yakatafutwa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote. Na vifaa vya kuelea je? Wasichana wamepigwa picha wakiwa wamelala majini wamekumbatia mitungi mitupu ya plastiki, ile ile ya manjano tunayopakia punda kwenda kuteka maji.

Mafunzo huanza mahali maji yanapofika kiunoni, mwalimu akiwa amesimama kando yako. Kwanza pumzi: chovya uso, toa pumzi kwa pua na mdomo ndani ya maji, inua uso, vuta hewa. Rudia mpaka woga uishe, hata kama ni siku nzima. Pili kuelea chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, mikono imetandazwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote, maana aliyechoka akijua kulala chali anaweza kungoja msaada. Kupiga miguu na mikono ni baadaye. Vijana wetu hupenda kuanzia mwisho, wanarusha mikono kwa nguvu na kuchoka kabla ya mita kumi.

Akina mama, lesso msiingie nayo majini. Ikilowa huzunguka miguu na kuifunga. Suruali ya kubana na fulana vinatosha, na heshima haipotei.

Sasa bahari yenyewe. Haitulii mahali pamoja kama silanga. Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi, halafu hupwa kwa saa sita, na kila siku mwendo huo huchelewa kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo saa iliyokuwa nzuri Jumamosi si lazima iwe nzuri Jumamosi ijayo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo penye bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na huko Mombasa tofauti yake yaweza kupita mita tatu, yaani zaidi ya kimo cha mtu na nusu. Pale uliposimama saa nne ukiwa na maji ya magoti, saa saba hupagusi.

Kwa mbali mtaona mstari wa povu jeupe. Huo ni mwamba, nao ndio unaozuia mawimbi makubwa. Lakini mwamba una milango. Maji yanapokupwa hutafuta milango hiyo, na mkondo hapo una nguvu ya kumchukua mtu hodari mpaka bahari kuu. Ogeleeni maji yakiwa yanajaa, ndani ya mwamba, mkifuata ufuo badala ya kuelekea nje. Ukijikuta unavutwa, usishindane na mkondo. Lala chali, pumua, kisha ogelea kandokando ya ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeuke kurudi. Waulizeni wavuvi na waokoaji wa ufuoni kabla ya kuingia. Wao watawaambia pia kwamba majira ya kusi, katikati ya mwaka, bahari huchafuka zaidi kuliko wakati wa kaskazi. Disemba yetu huangukia kaskazi, na hiyo ni bahati.

Vaeni raba za zamani, kwa sababu maji yakipwa kuna vijidudu vyeusi vyenye miiba mirefu vilivyojibana kwenye mawe. Tyubu za kukodisha ni za kuchezea, upepo huzisukuma. Aliyekunywa pombe asiingie kabisa, na hata mzoefu wa miaka ishirini asiogelee peke yake. Kikundi kiwagawe watu wawili wawili, kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi.

Kuna kosa moja linalotusumbua zaidi. Kijana ameelea baharini siku mbili, anarudi Kibwezi akijiona samaki, anaruka ndani ya silanga. Chumvi ya bahari, karibu gramu 35 katika lita moja, huyafanya maji kuwa mazito na kumbeba mtu. Maji ya silanga hayabebi hivyo. Tena ni ya rangi ya chai, chini kuna tope linaloshika miguu, na aliyezama haonekani. Mto Athi una mamba. Mito ya mchanga ina mashimo ya wachimba mchanga, yanayojaa mvua ikinyesha na kufunikwa na maji yanayoonekana mafupi. Maji baridi yaliyosimama au yaendayo polepole yana konokono wa kichocho pia, na hatari ni kubwa zaidi saa za jua kali. Baharini konokono hao hawaishi. Mtoto mwenye damu kwenye mkojo au choo apelekwe kliniki, dawa ipo.

Na mto uliofurika haufai kwa mwogeleaji yeyote. Tarehe 4 Disemba 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilisombwa na mto Enziu huko Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hata wenzetu waliojua kuogelea wangefanya nini ndani ya mafuriko yale? Mto ukijaa, tungoje ng'ambo hii hata kama arusi itatupita.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai kila mwaka kukumbusha jambo hili. Kikundi kinaweza kuitumia siku hiyo kwa kazi moja isiyo na gharama: kila silanga ya jirani iwekewe mti na mtungi mtupu wa lita 20, kifuniko kimekazwa, umefungwa kamba ndefu. Mtungi huo unaweza kubeba zaidi ya kilo 15 juu ya maji, na mtu aliyezama mpaka shingoni hahitaji nyingi hivyo kuinua kichwa. Mtupieni, mvuteni. Usimfuate kwa mikono mitupu, kwa maana anayezama hushika chochote na kukipanda, na kesho tunazika wawili.

Akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukandwa tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni. Kama bado, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, na kuendelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka bado apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu anayejua kuogelea, na alifundishwa na nani? Watoto wetu huenda maji gani tusipowaona? Mtungi wa silanga yetu utatunzwa na nani usije ukaibwa kuteka maji?