Dondoo muhimu: Nyumba imepigwa mnada kwa kodi? Dai ziada yako

Usikubali kuambiwa kila kitu kimekwisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali ikiuza nyumba kwa deni la kodi, haiwezi kujibakizia ziada, yaani fedha zinazobaki baada ya deni kulipwa. Kesi hiyo ilifunguliwa na Bibi Geraldine Tyler wa Minneapolis, aliyedaiwa dola 15,000 hivi. Fleti yake ikauzwa 40,000, naye asipate hata senti.

Lakini ziada haiji yenyewe. Huko Michigan, kwa mfano, jaza fomu namba 5743, isaini mbele ya mthibitishaji wa umma (notari), itume kwa barua yenye uthibitisho wa kupokelewa kufikia Julai 1 inayofuata nyumba kutwaliwa kwa deni la kodi, utunze risiti. Ukichelewa, umeipoteza.

Akikupigia mtu akitaka asilimia ili akudaie ziada hiyo, usitie saini. Nenda kwanza kwa mweka hazina wa kaunti. Fomu ni bure.