KITABU CHA WAKFU: KIKAE KABATINI AU KITOKE?



Ndugu zangu katika imani, mwanzoni mwa muhula huu watatu kati yetu tulipewa kazi ya kuhesabu vitabu vya kabati lililo nyuma ya chumba cha swala. Tuliahidiana kumaliza kabla ya Adhuhuri, tukamaliza baada ya Isha. Daftari la kuazimia lilikuwa na majina ya kalamu ya risasi yaliyofutika, na mahali pengine limeandikwa tu "kaka wa Uchumi", kana kwamba Kitivo cha Uchumi kina kaka mmoja. Subul as-Salaam juzuu ya kwanza ipo, ya tatu ipo, ya pili haipo. Na mimi ninayeandika haya, niliporudi bwenini usiku ule, nilivuta begi chini ya kitanda nikakuta kitabu kimoja cha kabati lile lile, nilichokichukua nikiwa mwaka wa kwanza. Astaghfirullah.

Kikao kilichofuata kilikuwa kikali. Wengine walitaka kufuli kubwa na ufunguo ukae kwa amiri peke yake. Wengine wakasema kitabu kilichofungiwa ni chakula cha mchwa. Dada mmoja akauliza swali lililotunyamazisha: "Kabla hamjanunua kufuli, vitabu hivi ni vya nani?" Vingi vililetwa na mjane wa mzee mmoja wa Buyenzi, navyo kwenye ukurasa wa kwanza vimeandikwa kwa mkono wa mzee mwenyewe: wakfu kwa wanafunzi. Basi si vya jumuiya, wala si vya amiri. Niliomba nafasi ya kulisoma suala hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Asili ya wakfu wengi wetu tunaijua. Sayyidna Umar (r.a.) alipata ardhi Khaybar, akamwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza aifanyie nini. Akashauriwa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ardhi haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachotoka ni faida yake. Kumbuka pia hadithi ya mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea dua. Anayeweka kitabu wakfu ana matumaini ya kupata mawili ya mwanzo kwa mpigo.

Lakini kitabu si shamba. Kinabebeka, kinaloa, kinaibiwa. Ndiyo maana mafaqihi walibishana kama kitu kinachohamishika kinaweza kuwekwa wakfu. Katika madhehebu ya Hanafi jambo hili lilikuwa na mgogoro, mpaka ikachukuliwa kauli ya Imamu Muhammad ash-Shaybani, aliyelikubali pale ambapo watu wamezoea kufanya hivyo, na misahafu na vitabu vikaingia humo. Kwa Shafi, madhehebu ya wengi wetu katika eneo hili, kipimo ni chepesi kukielewa: kila kinachoweza kutumiwa na chenyewe kikabaki kinafaa kuwekwa wakfu. Sahani ya pilau haifai, kwa sababu ukishaitumia imekwisha. Kitabu kinafaa, kwa sababu msomaji wa mia anakikuta kile kile alichokisoma wa kwanza, ikiwa wale tisini na tisa walikuwa waungwana.

Hapo sasa ndipo penye kazi. Wakfu una masharti ya aliyeuweka, na mafaqihi wana kanuni mashuhuri kwamba sharti la mwenye wakfu linashikwa kama inavyoshikwa nassi ya sharia. Je, akisema kitabu kisitoke?

Twende Misri. Mwishoni mwa karne ya 14 afisa wa dola ya Wamamluki aitwaye Jamal ad-Din Mahmud alijenga madrasa Cairo, ikajulikana kama Mahmudiyya. Aliiwekea maktaba ya takriban juzuu 4,000 na akashurutisha kwamba hakuna kitabu kitakachotoka nje ya madrasa. Sharti liko wazi, maktaba ina mkutubi, mtu angedhani mambo yamekwisha. Hayakuisha. Hesabu ilipofanywa iligundulika vitabu vingi havipo, na mkutubi akaondolewa kazini. Aliyekuja baadaye kushika maktaba hiyo ni mtu unayemjua: Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fat'h al-Bari na mwenye Bulugh al-Maram. Ndiyo, ile Bulugh al-Maram ambayo Subul as-Salaam ni sherehe yake! Mwanachuoni wa daraja ile alikaa akatengeneza orodha mbili za vitabu, moja kwa mpangilio wa herufi na nyingine kwa fani. Nilipolisoma hili nililikumbuka daftari letu la kalamu ya risasi, nikaona haya.

Kizazi kimoja baadaye Imamu as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima kuhusu maktaba hiyo hiyo. Swali lake ni letu: inajuzu kutoa kitabu nje wakati mwenye wakfu amekataza? Hakulitupa sharti. Aliuliza lengo lake ni nini. Mwenye wakfu hakukusudia vitabu vikae salama tu, alikusudia vinufaishe kikamilifu. Basi mtu anayetunga kazi inayohitaji vitabu vingi kwa pamoja, na ambaye hawezi kunufaika navyo akiwa ndani ya madrasa, anaweza kuvichukua kwa kiasi cha haja yake, kisha avirudishe. Unaweza kusema Suyuti alikuwa anajitetea mwenyewe, maana alitunga mamia ya vitabu na bila shaka alihitaji kuazima. Inawezekana. Hata hivyo hoja inasimama: sharti lina sababu, na sababu hiyo inaonyesha mipaka ya sharti.

Wapo waliofungua mlango zaidi. Ibn Khaldun alipoweka nakala ya kitabu chake cha historia wakfu kwa msikiti wa Qarawiyyin mjini Fez, aliruhusu kiazimwe, ila kwa mtu mwaminifu, kwa dhamana nzuri, na kwa muda usiozidi miezi miwili. Katika dhamana mna nukta tamu ya kifiqhi. Mafaqihi wa Shafi waliuliza: rehani huwekwa kwa deni, na aliyeshika kitabu cha wakfu hana deni, mkono wake ni mkono wa amana, halipi mpaka afanye uzembe. Sasa rehani ya nini? Taqi ad-Din as-Subki alijibu kwamba kama imekusudiwa rehani ya kisharia haiswihi, lakini kama imekusudiwa maana ya kawaida ya neno, yaani kitu kinachowekwa ili kimkumbushe mtu kurudisha, inafaa. Kwa hiyo yule anayekuachisha kitambulisho chako cha chuo mezani ndipo akupe kitabu hakutukani. Anakukumbusha tu, na Subki yuko upande wake.

Aliyenigusa zaidi ni Yaqut al-Hamawi. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akawa mfanyabiashara wa vitabu, akazunguka miji. Alipofika Merv, ambayo leo iko Turkmenistan, alikuta maktaba kumi za wakfu. Ameeleza mwenyewe kwamba nyumbani kwake hapakukosa juzuu 200 za kuazima, na nyingi alipewa bila dhamana yoyote. Juzuu mia mbili! Sisi tunagombana kwa moja. Huko ndiko alikokusanya sehemu kubwa ya maelezo ya kamusi yake ya miji, Mu'jam al-Buldan. Kisha Wamongolia wakaja. Yaqut alikimbia, na mwaka 1221 Merv ikaangamizwa pamoja na maktaba zake. Jiulize, ndugu msomaji: wakutubi wale wangefunga milango kwa kufuli saba, nini kingebaki? Kilichookoka ni kile kilichokuwa kimeshatoka, kikaingia katika daftari za mgeni mmoja.

Nilitaka kuishia hapo na kutangaza kwamba wapinga kufuli wameshinda. Lakini Timbuktu inasema jambo jingine. Baada ya Morocco kuvamia eneo lile mwaka 1591, mwanachuoni Ahmed Baba alikamatwa na kupelekwa Marrakesh, na vitabu vyake 1,600 vikachukuliwa. Alilalamika kwamba katika ukoo wake yeye ndiye aliyekuwa na vichache. Tangu hapo, na zaidi wakati wa ukoloni wa Ufaransa, familia za mji ule zilijifunza kuficha: masandukuni, ndani ya kuta, chini ya mchanga wa jangwa. Maandiko mengi yaliokoka kwa sababu hayakuazimwa. Na gharama yake ilikuwepo, maana vizazi vilipita ambavyo hakuna aliyesoma kilichomo.

Taasisi ya Ahmed Baba ilipoanzishwa miaka ya 1970, kazi ilikuwa kuwashawishi wenye vitabu wakubali kuvitoa. Baadhi walikubali, wengine wakafungua maktaba za familia. Mwaka 2012 wapiganaji wenye silaha waliuteka mji. Wakutubi na familia, akiwemo Abdel Kader Haidara wa maktaba ya Mamma Haidara, waliyasafirisha maandiko kwa siri hadi Bamako, kwa magari na kwa mashua za mto Niger, masanduku kwa masanduku, mamia ya maelfu ya maandiko. Januari 2013 waliokuwa wakikimbia walichoma zaidi ya 4,000 katika jengo jipya la Taasisi. Mwezi Agosti 2025 serikali ya Mali ilianza kuyarudisha Timbuktu yale ya Taasisi. Waliochoma walidai wanatetea dini. Waliookoa walikuwa wakiswali swala hizi hizi tano, na wakaona amana iliyotajwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, inaingia hata kwenye karatasi kuukuu.

Leo kuna njia ya tatu ambayo Ibn Hajar hakuwa nayo. Karibu na kwetu, Lamu, msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh una hazina ya maandiko ya mkono, na ndani ya baadhi yake yameandikwa maneno ya wakfu kama yale ya mzee wetu wa Buyenzi. Yalipigwa picha kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Asili imebaki Lamu, na mwanafunzi wa Bujumbura anaweza kufungua ukurasa kwenye simu. Asili imezuiwa, faida imetolewa. Sioni mfano wa karibu zaidi na ule wa Khaybar. Ila tusifurahi kupita kiasi. Oktoba 2023 maktaba hiyo ya London ilishambuliwa na wadukuzi, na kwa muda mrefu picha zake hazikufunguka. Aliyetaka kusoma siku zile alirudi palepale, kwa mtu wa Lamu mwenye ufunguo.

Kwa kabati letu, kikao kimekubali yafuatayo, nayo si makubwa. Misahafu na vitabu vyenye nakala moja vinasomewa ndani. Vingine vinatoka kwa wiki mbili, na kitambulisho kinabaki. Orodha inaandikwa upya kwa wino, kwa herufi na kwa fani, mara mbili kama alivyofanya mwenyewe Ibn Hajar. Kurasa zilizoandikwa na mzee kwa mkono, pembezoni mwa vitabu vyake, tutazipiga picha, kwa sababu hizo hazina nakala popote duniani. Mjane wake tulimwomba ruhusa, naye akauliza swali moja tu: "Vinasomwa?" Tulijibu tutamletea daftari alione mwenyewe mwisho wa muhula.

Kile cha chini ya kitanda changu nimekirudisha. Juzuu ya pili ya Subul as-Salaam bado haijaonekana. Uliye nayo, hata kama umeshahitimu, ilete au mpe mtu ailete. Hatutauliza ilikuwa wapi.